Tone la Rangi ya Kucha

Jumapili, 1 Machi

Mvua imeanza. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kuandika magari yanayoingia gereji, lakini mwezi mzima uliopita yameingia matatu, na moja lilikuja kuomba maji ya rejeta tu. Kwa hiyo nitaandika na mengine, karatasi isiozee bure.

Mume wangu amepiga saa tisa alasiri, kama kila Jumapili. Yuko mgodini, anatunza jenereta kubwa, mahali ambapo mtandao haufiki. Jumapili gari la mgodi huwapeleka wafanyakazi mpaka barabara kuu, na hapo ndipo simu hushika. Siku nyingine anayetaka kupiga hutembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na zamu haimsubiri mtu. Alipoondoka alisema kazi ni ya muda, miezi minane. Huu ni wa ishirini.

Mazungumzo ya leo nayaandika yote, maana hayatajaza ukurasa.

"Mko salama?"

"Tuko salama."

"Mama?"

"Yupo. Analalamika goti."

"Akilalamika ujue ni mzima. Mvua?"

"Imeanza leo."

"Haya. Basi wiki ijayo."

Dakika mbili na nusu, simu yenyewe imeonyesha. Na huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na minne tulikuwa tunaongea kutoka pande mbili za injini moja, yeye juu mimi chini, mpaka wateja wanatuomba tufanye kazi. Sijui maneno yale yamekwenda wapi. Pengine tulikuwa tunayatoa kwenye injini.

Jumanne, 3 Machi

Mama Maziwa ameleta lori lake. Nyuma limeandikwa KAWIA UFIKE, kwa hiyo kila mtu analiita Kawia. Jina halilifai hata kidogo. Kila asubuhi hukusanya maziwa ya nyumba zote za huku bondeni na kuyapandisha kilima cha kona tatu mpaka kwenye tangi la kupozea upande wa pili. Saa tatu kamili wanafunga. Ukifika saa tatu na dakika tano, maziwa yako kawape paka.

Mama Maziwa anaongea. Ukimwachia nafasi atakueleza mpaka ndoto za jirani yake. Nikamwambia, "Dada, nieleze ugonjwa, ukoo tutaufikia baadaye."

"Tambarare linakimbia," akasema. "Tupu linapanda. Nikilipakia tu, kona ya pili linakata tamaa. Nakanyaga mafuta mpaka mguu unagusa bati, na lenyewe haliongezi kitu."

Nikafungua boneti, na kabla sijaona kitu kingine nikaliona lile tone: rangi ya kucha, damu ya mzee, juu ya skrubu ya kifuniko cha pampu ya dizeli.

Rangi ile ni yangu. Kichupa nilikinunua kwa ajili ya harusi ya wifi yangu, nikapaka mara moja, kesho yake mume wangu akakitia kwenye sanduku la spana na hakikurudi tena. Kila pampu aliyoifunga aliitia tone moja, nusu juu ya skrubu, nusu juu ya kifuniko, ili mtu akifungua lipasuke na ijulikane. Ni adabu ya kazi: pampu yenye alama ya mwenzako huigusi. Mafundi wana utani wao kwamba ukivunja alama ya mtu umeoa, na yote yaliyomo ndani ni ya kwako. Pampu ya Kawia aliifunga siku moja kabla ya kuondoka. Hapa gereji ndiyo kazi yake ya mwisho.

Nililifuta vumbi kwa kidole. Halafu nikashughulika na filta, nikakuta ina maji, nikaweka mpya.

Jumatano, 4 Machi

Mama Maziwa amerudi. Haikuwa filta.

Jumapili, 8 Machi

Leo baada ya "mko salama" nikamwambia habari za Kawia, basi tu, kwa kukosa la kusema. Nikasikia anabadilika. Watu hapa wanamwita Sikio, kwa sababu hutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza kabla hajashika spana, na nikasikia Sikio anaamka.

"Moshi wa rangi gani?"

"Hakuna moshi."

"Hata ukikanyaga?"

"Hata ukikanyaga."

"Tupu linapanda?"

"Linapanda."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Filta umebadilisha. Haya, tazama mabomba ya dizeli, huenda yanavuta hewa. Weka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, utazame mapovu. Na usikimbilie pampu. Pampu usiiguse, nitaigusa mwenyewe nikija."

Kutoka kwenye mabomba tukaingia kwenye lori la mkaa lililotushinda mwaka ule wa mafuriko, kutoka hapo tukafika kwa fundi aliyetufundisha sote wawili, aliyekuwa analamba dizeli ili ajue kama ina maji. Dakika thelathini na moja. Nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, na sikuona miguu ikifa ganzi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeweka mpira mweupe. Hakuna mapovu.

Jumapili, 15 Machi

Saa nane na nusu nilikuwa nimeshajipanga karibu na Kawia, injini ya moto, simu mkononi. Nilimwomba Mama Maziwa alilaze lori hapa tangu jana. Akakubali, akanisimulia ndoa yote ya binti yake, nikavumilia.

"Weka simu karibu na pampu," mume wangu akasema. "Karibu zaidi. Haya, kanyaga taratibu."

Badala ya kukanyaga nikavuta kebo ya pedali kwa mkono mmoja, wa pili unashika simu juu ya pampu, mwili wote nimeupinda. Alipotosheka akasema nizime. Nikarudisha simu sikioni na kumsikia anapumua. Hakuwa anasema kitu, alikuwa bado anasikiliza. Kwa miezi ishirini sikuwa nimesikia pumzi yake, nilikuwa nasikia salamu tu.

"Tabo ni nzima," akasema, akimaanisha ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. "Inapiga mluzi wake vizuri. Wiki hii shusha tangi, tazama kama kuna uchafu unaziba."

Dakika thelathini na nane.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeshusha tangi. Ni safi, ungeweza kulia chakula ndani.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Hakuna gari.

Alhamisi, 19 Machi

Juu ya pampu kuna kifuniko, na chini ya kifuniko kuna kiwambo, kipande cha mpira mwembamba. Tabo ikisukuma hewa, hewa kidogo hupita kwenye mpira mdogo mpaka kwenye kifuniko, inabonyeza kiwambo, na kiwambo kinaiambia pampu: tumebeba mzigo, ongeza dizeli. Kiwambo kikipasuka, pampu haipati habari. Inaendelea kutoa dizeli ya tambarare hata mlimani.

Leo nimechomoa mpira ule mdogo upande wa tabo, nikautia mdomoni, nikapuliza. Kiwambo kizima hukataa, pumzi inagota na kukurudia. Yangu ilikwenda. Nikapuliza mara ya pili, ikaenda. Mara ya tatu nilipuliza polepole sana, nikiiomba igote, nayo ikaenda.

Ni kazi ya saa moja. Skrubu nne, kiwambo kipya, skrubu nne.

Nikarudisha mpira mahali pake na kufunga boneti. Sijamwambia mtu.

Sababu naiandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo. Zimebaki siku tatu ifike Jumapili. Nikimwambia "nimepata ugonjwa, nimetengeneza," atasema "vizuri," ataniuliza mama, ataniuliza mvua. Dakika mbili na nusu. Na mwenyewe alisema nisiiguse pampu. Mimi ni mke mtiifu, waulize wanaonijua, watacheka.

Jumapili, 22 Machi

Sikumwambia. Yeye akasema, "Huenda ni nozeli. Zitoe zote nne, zisafishe, moja moja, usiharakishe."

"Sitaharakisha," nikasema.

Dakika arobaini na mbili. Ameniambia kwamba mwenzake wa kitanda cha juu anaota kwa sauti, kila usiku anagombana na mbuzi. Nilicheka mpaka mama mkwe akachungulia. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni mtu wa kuchekesha.

Jumamosi, 28 Machi

Nozeli zote nzima, zinanyunyiza dizeli kama ukungu. Nilijua.

Mama Maziwa sasa anapakia nusu ya maziwa na kwenda mara mbili. Mara ya pili hufika saa tatu imepita. Leo amerudi na madumu manne yaliyokataliwa, akanipa chupa moja bado haijachacha. "Wewe unahangaika na lori langu mwezi mzima," akasema, "kunywa chai yenye maziwa angalau." Akaondoka bila hadithi yoyote.

Chai sikuinywa.

Alhamisi, 2 Aprili

Mama mkwe amekuja kukaa mlangoni mwa gereji na kigoda chake, anatazama mvua. Anaishi nasi nyumba ya nyuma tangu baba mkwe alipofariki. Binti yetu yuko shule ya bweni, kwa hiyo siku za mvua tunabaki wawili, na mmoja wetu hana breki mdomoni.

"Lile lori bado linaumwa?"

"Bado, mama."

"Homa gani hiyo inazidi mimba kwa urefu?"

"Tunaitafuta."

"Mnaitafuta wewe na nani?"

Nikajifanya nimeangusha nati. Akaendelea kutazama mvua.

"Baba mkwe wako, Mungu amrehemu, kila safari alikuwa anasahau ufunguo. Anaaga, anafika njia panda, huyo anarudi. Ufunguo. Namtafutia, anaaga tena. Miaka thelathini nikajua nimeolewa na msahaulifu. Siku ya msiba rafiki yake ndiye aliniambia: shemeji, ule ufunguo ulikuwa mfukoni siku zote."

Akainuka, mkono kwenye goti.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema akielekea jikoni. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumapili, 5 Aprili

Dakika hamsini na moja. Tumeongea kuhusu kebo ya pedali ya mafuta, ambayo haina ubaya wowote, nimeikagua mara mbili. Amesema wamemwongezea miezi mitatu mingine. "Ya muda tu," akasema. Nikasema haya. Nilitaka kusema mengine, lakini nilikuwa nimeshika kebo.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimemwambia Mama Maziwa asipakie zaidi ya madumu sita mpaka tupate ugonjwa. Akasema, "Na yale mengine yakae kwa ng'ombe?" Hakuwa anatania.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua kubwa, simu inakatika katika. Hata hivyo alipiga mara tano. Mara ya tano nilisikia maneno mawili tu, "jaribu kutazama", halafu kimya. Nikabaki na maneno hayo jioni nzima.

Jumanne, 14 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa.

Usiku kucha ilinyesha. Asubuhi saa mbili na nusu dereva wa trekta alisimama mlangoni, hakuzima injini, akasema Kawia yuko mtaroni kona ya tatu. Nikamuuliza Mama Maziwa je. Akasema yu hai. Nikapanda trekta.

Alikuwa amepakia madumu yote. Jana nusu ya wenye ng'ombe walimwambia watatafuta lori jingine, kwa hiyo leo akaamua kuyabeba yote kwa mara moja. Kona ya kwanza akapita. Ya pili akapita kwa gia ya kwanza. Ya tatu, palipo wima kuliko kote, lori likaishiwa nguvu kabisa, akashika breki, magurudumu hayakushika kwenye matope, likarudi nyuma taratibu mpaka mtaroni. Mwenyewe alisema "taratibu". Nadhani hilo ndilo lililomtisha, kuwa na nafasi ya kuona kila kitu.

Madumu yalikuwa yamefunguka. Maziwa yalikuwa yanateremka na maji ya mtaro, meupe, kona ya tatu mpaka ya pili na kuendelea chini kuelekea kwa watu walioyakamua. Yeye alikuwa amekaa juu ya dumu tupu kwenye mvua, mkono wa kulia ameupakata kwa wa kushoto. Kifundo kimevunjika. Nilijua kabla hawajampeleka hospitali, kwa jinsi kiganja kilivyokaa.

Nilichuchumaa mbele yake. Nilitegemea aongee. Mwanamke huyu angeweza kuongea mbele ya moto wa nyumba yake. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Fundi, nilikanyaga mpaka bati."

Kisha akasema niwaambie wenye maziwa kwamba atakuja kuwaeleza mwenyewe. Hilo tu.

Nilijua tangu tarehe kumi na tisa Machi. Siku ishirini na sita. Nilikuwa nahesabu dakika za simu, na yeye alikuwa anahesabu dakika za kufika saa tatu. Nina hatia, na sitaitafutia jina jingine.

Jumatano, 15 Aprili

Trekta limelivuta lori mpaka gereji. Bodi imebonyea nyuma, injini haijaguswa.

Nikaosha mikono, jambo ambalo sifanyi kabla ya kazi. Nikalitazama lile tone, nikaweka bisibisi, nikazungusha. Lilitoa mlio mdogo na kupasuka katikati. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilikuwa nafikiria kifundo cha mkono.

Skrubu nne. Nikainua kifuniko. Kiwambo kilikuwa na kiraka. Kiraka cha baiskeli, cha duara, kimepakwa gundi vizuri na mtu mwenye mkono mtulivu, na sasa ukingo umenyanyuka na kubaki wazi. Nikakigeuza kifuniko kwenye mwanga. Ndani, kwenye chuma, kulikuwa na maandishi ya kukwaruza kwa msumari, jinsi fundi anavyojiandikia mwenyewe asisahau: YA MUDA. Na tarehe. Siku moja kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo alijua.

Nilikaa chini. Jumapili ile ya kwanza, nilipomwambia hakuna moshi na tupu linapanda, Sikio alijua. Hata mwanafunzi wa mwezi mmoja angeuliza habari za kiwambo, seuze aliyekitia kiraka kwa mkono wake. Yeye akaniuliza mabomba. Halafu tangi. Halafu nozeli, moja moja, usiharakishe. Na pampu nisiiguse.

Nikarusha bisibisi, ikagonga ukuta. Mama mkwe akaja mbio kwa goti lile lile bovu. Akaona kifuniko mkononi mwangu, akasoma, maana kusoma anajua, akaketi kwenye tairi karibu yangu.

"Ufunguo ulikuwa mfukoni," nikamwambia.

"Wa nani?" akauliza.

Ndipo nikalia. Mkono wa Mama Maziwa umefungwa plasta kwa sababu mafundi wawili walikuwa wanachumbiana kupitia injini yake.

Alhamisi, 16 Aprili

Muuza spea alikuwa nacho kiwambo. Kilikuwa kimekaa rafuni, alisema, mwaka mzima. Niliweka alama mahali pini ya kiwambo ilipokuwa imekaa, nikafunga kama ilivyokuwa. Nikapuliza. Pumzi ikagota, ikanirudia kifuani.

Kichupa cha rangi ya kucha nimekikuta sandukuni kimekauka. Pampu ya Kawia nimeifunga bila tone.

Alasiri nikaenda kwa Mama Maziwa. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa. Nilimwambia tarehe. Nilimwambia kuhusu simu. Alisikiliza bila kunikatiza, na kwake yeye hiyo ni adhabu kubwa kuliko matusi.

"Mimi nilidhani ni mvua," akasema mwishoni. "Nilikuwa nalala nikiomba mvua ipungue."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Si leo." Akaurekebisha mkono wenye plasta juu ya mto. "Wiki sita siwezi kuendesha. Wewe unaweza. Saa kumi na moja alfajiri unaanza kukusanya, nyumba ya kwanza ni ile yenye geti la kijani. Usiwape nafasi ya kuongea, wanaongea sana."

Nikamtazama nione kama anatania. Alikuwa ameshafumba macho.

Ijumaa, 17 Aprili

Madumu yote. Wenye maziwa hawakunisalimu, waliyapakia tu na kunitazama. Kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nilikanyaga, na nikasikia tabo inapiga mluzi na pampu inaitikia, moshi kidogo mweusi ukatoka na kukoma, jinsi inavyotakiwa, na Kawia akavuta. Nilipita mtaro ule bila kuutazama. Saa mbili na dakika arobaini nilikuwa tangini.

Jumapili, 19 Aprili

Saa tisa.

"Mko salama?"

"Ulijua," nikasema.

"Umefungua."

"Nimefungua. Nimesoma."

"Nilikuwa ninunue kipya kabla Kawia hajatoka gereji. Muuza spea hakuwa nacho, na mimi basi langu lilikuwa alfajiri. Nikasema nitamwagiza mtu."

"Sikuulizi habari za spea."

Nilimsikia anapumua. "Ulipotaja Kawia," akasema, "nilijua. Nilikuwa nikuambie. Halafu ukacheka, sijui nilisema nini, ukacheka. Nikasema nitamwambia wiki ijayo."

"Mimi nilipuliza tarehe kumi na tisa. Sikukwambia na mimi."

Nikamwambia habari za kona ya tatu. Nilimwambia kifundo kipi, na maziwa yalivyoteremka mtaroni. Nikaita jina lake la utani mara mbili.

"Nilijiambia anapakia nusu," akasema. "Ndivyo nilivyojiambia."

"Na mimi."

"Nitampigia. Nipe namba yake."

Nikampa. Akasema tena tarakimu, moja moja, kwa sauti ya mtu aliyezeeka.

"Sasa linavuta?"

"Linavuta."

"Haya," akasema.

"Haya."

Dakika nne. Lori limepona na hatuna tena cha kutengeneza. Nilikuwa najua itakuwa hivi, ndiyo maana nilifanya nilichofanya, na kujua hakukunisaidia lolote.

Jumatatu, 20 Aprili

Mama Maziwa anasema mume wangu alimpigia jana, wakaongea nusu saa, na kwamba yeye ndiye aliyeongea. Amemsimulia ndoa ya binti. Nimefurahi mtu ameadhibiwa ipasavyo.

Jumatano, 22 Aprili

Leo haikunyesha.

Nilikuwa tangini, saa mbili na dakika hamsini, wanashusha dumu la mwisho, Kawia ananguruma nyuma yangu kwa sababu nimezoea kutomzima mpaka tumemaliza. Simu ikalia. Nikaona ni yeye, Jumatano, asubuhi. Siku ya kazi mtu hatembei saa nzima kwa habari njema.

"Kuna nini?" nikasema.

"Hakuna kitu."

"Unaumwa?"

"Mzima."

"Jenereta zimekufa?"

"Zinafanya kazi. Zamu yangu ni saa sita. Nimepiga tu."

Nikasema nililozoea. "Kawia ndiye huyo, unamsikia? Subiri nikuwekee simu karibu na pampu."

"Hapana," akasema. "Lizime. Nataka nikusikie wewe."

Nikanyoosha mkono dirishani, nikazima.